Siku Maharage ya Sadaka Yalipopiga Mluzi

Kanisani kwetu, huku juu ya Sekei mlima unapoanza kupanda kweli kweli, mimi siitwi tena Elibariki. Naitwa Maharage. Watoto wananiita hivyo, wazee wa kanisa wananiita hivyo wakijisahau, na juzi mchungaji mwenyewe, akitaka nimwongezee sauti, alisema kwenye maiki, "Maharage, hebu," kisha akakohoa kama mtu aliyemeza mbu. Na kwa kuwa mtaani mkasa wenyewe umeshatiwa chumvi mpaka unauma (kuna wanaosema nilizimia, na wengine eti nilikimbia na gunia hadi Elerai), bora niueleze mwenyewe, mnicheke kwa mpangilio.

Mimi ni fundi mitambo wa kanisa. Msifikirie makubwa, ni miksa moja ya zamani, spika mbili na maiki ambazo moja ni ya kushika tu kwa ajili ya picha. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikuishia hapo: kila nikivaa hedifoni najiona nyuma ya mitambo kwenye uwanja uliofurika, ninanyanyua kidole kimoja na spika zinatii.

Sasa, dada yangu anafanya kazi Dar, na mtoto wake, Naserian, anakaa na mimi na bibi yetu, ambaye sisi Waarusha tunamwita Koko. Naserian alifika miaka minne hasemi, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtaa wetu umejaa madaktari ambao serikali haina habari nao. Jirani wa juu alisema tupashe mafuta ya kondoo tumdondoshee masikioni. Jirani wa chini alisema akatwe kile kikamba cha chini ya ulimi. Mwalimu mstaafu akasema hicho ni kiburi tu, dawa yake ni fimbo. Mama mmoja wa kwaya akaleta ulimi wa mbuzi uliochemshwa, mtoto ale afunguke kinywa (alikula wote, akanyoosha mkono kuomba mwingine, na kinywa kikafungukia hapo hapo). Koko alisema jambo moja tu: tusimtangaze mtoto, watu watasema nyumba hii ina kitu.

Aliyembeba kwenda kliniki ya masikio mjini ni mimi. Hapa najisifu kidogo kwa sababu huko mbele sina sifa nyingine. Dada mpimaji wa kule alimchungulia masikio akasema hakuna nta wala usaha, ingekuwa ni hivyo angesafisha na kutupa dawa. Na kama ingekuwa ni maji yaliyokaa nyuma ya ngoma ya sikio, wangeweka kijimrija kidogo yatoke. Wakampima kwa mashine. Shida ilikuwa ndani zaidi, kwenye ile sehemu ambayo haina dawa ya kunywa wala ya kudondosha. ("Na mafuta ya kondoo, kaka yangu, kaangieni mboga.") Akatulaumu kwa upole kwamba tumechelewa, akampa kifaa cha kusikia cha sikio moja kwa kuanzia, kile kidude kinachokaa nyuma ya sikio na mrija wake unaingia kwenye kipande laini kilichochongwa kwa umbo la sikio la mtoto. Kisipotosha, akasema, upo upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani, na huo nao haupendi kusubiri. Na nyumbani tuanze kumsemesha kwa alama za mikono, si kwamba tumekata tamaa, bali mtoto awe na milango miwili.

Halafu akaanza kueleza namna ya kukitunza kile kifaa, na hapo ndipo mkasa wangu ulipozaliwa, kwa sababu pale kwenye chumba cha kupimia kulikuwa na hedifoni moja, jamani, nzito, nyeusi, mimi nikawa nimeshasafiri, niko uwanjani napungiwa mikono. Nilikuwa naitikia tu, "Sawa dada, sawa dada."

Siku za kwanza Naserian alisikia mvua juu ya bati akajificha chini ya meza. Baadaye akawa anawafuata kuku wa Koko asikie wanavyolalamika. Na jioni moja akaniangalia usoni akasema, "Jomba." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama nimekata vitunguu. Koko alifurahi pia, ila kila tukitoka alimfunga mtoto kitambaa kichwani kifaa kisionekane.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa vikapu, mikungu ya ndizi imeegemezwa hadi kwenye meza yangu ya mitambo, na pembeni yangu amekaa Kaka Tumaini, fundi wa mitambo wa kwaya kubwa ya mjini, aliyepanda huku kuona kazi yangu ili akiridhika anichukue kuwa msaidizi wake. Naserian nilikuwa nimemkalisha karibu yangu. Kitambaa kikamteleza. Watoto wa benchi la nyuma wakaanza, "Huyo ana redio sikioni," na mwingine, "Muulize taarifa ya habari." Maneno hakuyashika, lakini kicheko hata asiyesikia anakijua. Akafunika sikio kwa kiganja, akainamisha kichwa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikakivua kile kifaa taratibu, nikakitia mfuko wa shati, nikamwambia kwa mikono: baadaye. Basi, uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo, wa huruma. Huruma yangu ina tabia ya kuondoka nyumbani bila kuiaga akili.

Mchungaji akaita sala ya kimya. Kanisa lote likatulia, na katikati ya ule utulivu ukaanza mluzi mwembamba, mrefu, kama mbu aliyesomea uimbaji.

Kanisani kukilia mluzi, watu hawamtafuti shetani, wanamtafuta fundi mitambo. Vichwa vikageuka. Kaka Tumaini akaninong'oneza, "Dogo, spika zinalia." Nikashusha maiki zote. Mluzi. Nikashusha kila kitufe kinachoshuka. Mluzi. Nikazima miksa, nikainama nikang'oa waya ukutani, na mluzi ukaendelea na sala zake. Kaka Tumaini akautazama ule waya mkononi mwangu.

"Sasa dogo, kinacholia ni nini?"

Nikaweka mkono kifuani kwa uchungu, na mluzi ukapanda juu. Nikaondoa mkono, ukashuka. Hapo ndipo maneno ya yule dada wa kliniki yaliponirudia yote, kwa mpangilio, na sauti yake ya upole: ukikivua fungua kijumba cha betri kizimike, maana kikibanwa mahali kikiwa kinafanya kazi, kinapiga mluzi.

Mtu mwenye akili angetoka nje. Lakini Kaka Tumaini ananiangalia, na mimi ndiye fundi, nitasemaje kwamba kelele iko mfukoni mwa fundi? Miguuni pangu kulikuwa na kikapu cha maharage ya soya njano. Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu (nilikuwa nimevaa ndala za ngozi), nikakichomeka kifaa ndani kabisa, nikijua sala ikiisha nitakichomoa.

Sala ikaisha, kwaya ikalipuka, na wazee wa kanisa wakaja kubeba vikapu kupeleka madhabahuni. Nikashika mkono wa kikapu. Mzee Lazaro akashika mwingine. Tukavutana kidogo, tukitabasamu wote wawili.

"Elibariki, mwanangu, achia sadaka ya Bwana."

Nikaachia.

Mahubiri yote, kikapu kilipiga mluzi pale mbele. Mchungaji akasema hata mavuno yanasifu, watu wakaitikia amina, mama mmoja akatokwa machozi, na mwingine aliyeogopa nyoka akahama benchi. Naserian akanigusa. Akaonyesha sikio lake, akafungua viganja: kiko wapi? Nikamjibu: baadaye. Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea mkono wangu. Laiti angenipiga.

Ibada ikiisha, kwetu sadaka ya mazao inanadiwa pale nje kwenye nyasi. Unaweza kujikuta unanunua ndizi zako mwenyewe, na ndiyo baraka yenyewe. Dalali ni Mzee Lazaro yule yule, akainua kikapu. "Maharage haya yameimba kuliko kwaya. Nani anakwenda nayo?"

Nikanyoosha mkono. Akanyoosha Mama Gifti, anayeuza nafaka Ngaramtoni, mama mwenye pikapu na asiyependa kushindwa. Nikapandisha, akapandisha, nikapandisha hadi nikawa nanadi kwa hela ambazo sijawahi kuota hata kule uwanjani kwangu.

"Kijana, wewe unapikiwa na Koko," akasema, watu wakacheka. "Maharage ya nini?"

Yakawa yake. Akayamwaga kwenye gunia lililokuwa na maharage mengine, akalifunga, akalipakia, akawasha gari. Nikaenda nikasimama mbele ya ile pikapu.

"Mama, samahani. Kwenye gunia kuna sikio."

Mama Gifti akazima gari. "Sikio la nani?"

"La mtoto."

Jinsi watu walivyorudi nyuma, ungedhani gunia limekohoa. Mmoja akaanza kukemea pepo. Mzee Lazaro, mtu wa utaratibu, akanipa maiki: "Sema hapa, wote wasikie." Kaka Tumaini alikuwa ameshachomeka waya na kukaa kwenye miksa yangu, basi aibu yangu ikatoka safi, besi imetulia, ikafika mpaka migombani. Nikasema mtoto wetu hasikii vizuri, nikasema kifaa, nikasema mfuko wa shati, nikasema kiatu kisicho na kamba. Nilipofika hapo nikamwona Koko pembeni ameshika mdomo, nikashusha maiki, maana siri niliyoimwaga ilikuwa yake.

Koko akaja polepole. Akavua kitenge alichojitanda, akakitandaza kwenye nyasi.

"Mwageni hapa," akasema. "Ni la kitukuu wangu. Hasikii vizuri. Mwageni."

"Mimi nimenunua maharage, Koko, sikununua ibada ya pili," Mama Gifti akanung'unika, lakini ndiye aliyelifungua gunia.

Mnaona? Kifaa chenyewe rangi yake ni ile ile ya soya njano. Kanisa zima likapiga magoti kuchambua maharage, na hakuna sala iliyowahi kupigiwa magoti vile. Mwalimu mstaafu akashangilia mara mbili kwamba amekiona, mara zote ni mawe. Naserian alisimama akitazama migongo yetu, akaelewa, akajipenyeza katikati, akachambua kimya pale pembeni pa kitenge. Akakiona yeye.

Hakunipa mimi. Alimpa Koko.

Koko akakifuta kwa upindo wa gauni. Akakivuta kile kitambaa cha kichwani, akakiondoa kabisa, akamvalisha mtoto kifaa mbele ya macho ya watu wote, bila haraka. Kikapiga mluzi kidogo, kikakaa, kikanyamaza. Mzee Lazaro akasema haleluya kwenye maiki. Naserian akaruka, akaziangalia spika, akanigeukia.

"Jomba. Punguza."

Lilikuwa neno lake la kwanza kuliunganisha na lile la "Jomba", na lilikuwa agizo la kazi. Nikakimbia nikapunguza.

Kaka Tumaini alinipa mkono akaniambia ataniita, na mpaka leo naamini simu yake ina matatizo. Mama Gifti alirudisha maharage kwenye gunia mwenyewe, na akiwa ameinama hivyo, bila kunitazama, akauliza, "Hiyo kliniki iko upande gani? Nina mjukuu. Sisi tumeambiwa ni kiburi."

Nikamwelekeza, na safari hii nikaeleza mpaka kijumba cha betri.

Nimeapa sitamvua mtoto kifaa tena kwa sababu ya macho ya watu, na mtu akieleza jambo kwenye chumba chenye hedifoni nzuri, nitaangalia ukuta. Kitambaa Koko sasa anakaushia vikombe. Na spika zikilia Jumapili, vichwa vikinigeukia, Naserian hugusa sikio lake kwanza kuhakikisha, kisha huninyooshea kidole bila huruma yoyote, akawaambia wote, "Siyo mimi. Jomba."