Mstari Mweusi Katika Magugumaji

Hebu mwone Wamaitha akishuka kwenye treni ya asubuhi, stesheni ya Kisumu, mwaka wa themanini na nne. Amevaa sweta nzito ya Nyeri, sweta ambayo joto la Kisumu litamvua kabla hajafika langoni, na mgongoni amebeba kitu kilichofungwa kwa blanketi, vile mama anavyombeba mwanawe. Watu wanampisha. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi anamfuata kwa huruma.

"Mama, huyo mtoto mbona hajalia tangu Nakuru?"

"Huyu halii," Wamaitha anajibu. "Huyu ni mashine ya kusafishia picha."

Yule mama alirudi nyuma hatua mbili, akashika kikapu chake vizuri. Jioni hiyo soko zima la Kibuye lilikuwa na habari ya mwanamke kutoka mlimani anayebeba chuma kama mtoto mchanga. Ndivyo alivyojulikana Kisumu kabla hajapata hata chumba cha kulala.

Chumba alikipata, nyuma ya duka la mshona nguo, akafunika dirisha kwa gazeti na rangi nyeusi, akaanza kazi. Picha za kipande, picha za ubatizo, picha za maharusi wakisimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Wengine walimwita Mama Picha. Wengine walimwita Nyar Nyeri, yaani binti wa Nyeri, na hilo alilipenda, kwa sababu mtu hapewi jina na watu wasiomtaka. Aliyempa ni Rosa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuo wa Dunga, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho akabaki kuwa rafiki. Miaka ikapita. Wamaitha alijifunza Dholuo ya sokoni, akajifunza kula samaki na kichwa chake, akazika marafiki, akabatiza watoto wa marafiki.

Sasa tufike mwaka wa tisini na nane, maana huko ndiko nilikokuwa nakupeleka.

Mwaka huo magugumaji yalikuwa yamefunika ziwa hadi mgeni angedhani ni shamba la sukumawiki. Mashua zilikwama humo siku nzima. Nyavu zilichanika. Wakaja watu wa utafiti, wakajenga mnara wa mbao pale ufuoni Dunga ili wayatazame magugu kutoka juu, na msimamizi wao, binti mmoja wa Bungoma aitwaye Nabalayo, akamwajiri Wamaitha awapigie picha. Akampa kamera ya ajabu. Haikula filamu. Ilimeza diski ya kompyuta, ile ya mraba, na picha ulionyeshwa papo hapo kwenye kioo kidogo mgongoni mwake.

"Na chumba cha giza?" Wamaitha aliuliza.

"Hakuna chumba cha giza, mama."

"Basi picha inapikwa wapi?"

Nabalayo alicheka. Kisha akamwonyesha jambo. Akachukua rimoti ya televisheni ya ofisini, akaielekeza kwenye kamera, akabonyeza. Kwa macho hakuna kitu. Kwenye kioo cha kamera, ncha ya rimoti iliwaka kama jicho la paka. "Kuna mwanga ambao sisi hatuuoni," akasema. "Kwa vitabu unaitwa infraredi. Kamera hii inauona kidogo. Jani lenye afya linaurudisha mwingi sana, na jani linalokufa linaurudisha kidogo hata kabla halijageuka manjano. Tungepata kichujio cha kuzuia mwanga wa kawaida, tungejua magugu gani yanakufa. Lakini kichujio kinatoka ng'ambo."

Wamaitha alirudi kwenye chumba chake akafungua sanduku la takataka. Kila mpiga picha anazo: zile ncha za filamu ya rangi zilizopigwa na jua wakati wa kupakia, zikitoka kusafishwa ni nyeusi tititi. Ukizitazamia taa, huoni taa. Alikata vipande viwili, akavilaza kimoja juu ya kingine, akavibana ndani ya kifuniko cha mkebe wa mafuta alichokitoboa katikati, akakifunga kwa utepe mbele ya kamera. Akaiweka kamera juu ya miguu mitatu, maana sasa ilihitaji muda mrefu kuona, akaielekeza kwenye mwarobaini uliokuwa nje.

Picha ilipotokea alikaa chini.

Mwarobaini ulikuwa mweupe. Si weupe wa maua, weupe wa majivu, kila jani. Mbingu ya saa saba mchana ilikuwa nyeusi. Alishuka ufuoni akapiga ziwa: maji yalikuwa wino, na juu yake magugu meupe kama shuka lililotandikwa. Mchana wa kawaida wa Dunga, kelele za wachuuzi zikiendelea, ila pale kwenye kioo dunia ilikuwa imehama ikaacha maganda yake.

Kosa alilofanya ni kumpiga Rosa. Rosa alikaa akatabasamu. Picha ikatoka na ngozi kama nta ya mshumaa, mishipa ikionekana shingoni, macho matundu mawili meusi. Kitambaa chake cheusi cha kichwani kimegeuka cheupe.

"Nyar Nyeri! Umenipiga nikiwa hai, umenitoa nikiwa maiti?"

"Ni mwanga tu, Rosa."

"Mwanga gani unampaka mtu majivu? Kama huko mlimani ndivyo mnavyotuona, si mngetuambia mapema tukimbie?"

Akacheka, na wenzake wakacheka. Lakini tangu siku hiyo wanawake wa omena walijifunika nyuso Wamaitha alipopita na ile kamera ya kifuniko. Walisema inaona watu walivyo baada ya kufa.

Mume wa Rosa, Gordon, hakucheka wala hakujifunika. Huyo alikuwa mvuvi mzuri zamani. Tangu magugu yafunge ziwa alikuwa mtu wa kukaa juu ya mashua iliyogeuzwa, mikono magotini, anatazama kijani. Ukimsalimu anaitikia. Usipomsalimu haoni tofauti.

Jumatatu moja Gordon aliingia majini na mashua yake kabla ya jua, peke yake. Hakurudi.

Walimtafuta siku nne. Upepo ulikuwa umekufa wiki hiyo, magugu yamekaa hayasogei, na kila mahali palifanana. Mashua iliyopita inayasukuma, yanajifunga nyuma yake, na baada ya saa moja hujui kama ilipita. Siku ya Alhamisi wazee wa ukoo walikaa. Oduor, kaka mkubwa wa Gordon, akasema lililobaki ni yago.

Nikueleze, kama hukulelewa huko. Mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, watu wa ziwa wanatafuta tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia kama mkono. Linavikwa sanda, linalazwa kaburini, linaliliwa kama mtu. Kuanzia hapo mtu huyo amezikwa. Mjane ni mjane. Na siku moja aliyezikwa hivyo akitokea barabarani akitembea kwa miguu yake, mlango wa nyumba yake haumjui tena. Oduor alienda hadi upande wa Sondu akalipata tunda, akalileta. Mazishi yakapangwa Jumamosi, saa sita.

Ijumaa Rosa alikuja studio. Hakukaa.

"Ile kamera yako," akasema. "Inaona visivyoonekana?"

"Inaona mwanga tu, Rosa. Si mizimu."

"Sikuulizi mizimu. Nitafutie mume wangu. Nikizika tunda, nilizike nikijua yuko chini ya maji. Siwezi kulala nikifikiri labda yuko mahali ananiita."

Wamaitha alipanda mnara wa mbao saa nane mchana, jua likiwa kali. Kwa macho aliona shamba moja la kijani, halina mwanzo wala mwisho. Alipiga picha tano, akazipeleka ofisini, yeye na Nabalayo wakazitazama kwenye kompyuta.

Shuka jeupe. Na ndani yake uzi mweusi.

"Hapo mashina yamevunjika," Nabalayo akasema, sauti imeshuka. "Juu bado ni kijani, ndani yamekufa. Kitu kimepita hapo. Siku tatu, nne hivi."

Uzi ulitoka Dunga ukaingia ziwani moja kwa moja, kama mtu aendaye kazini. Kisha, mahali ambapo kutoka ufuoni huonekani, ulipinda. Wamaitha aliufuata kwa kidole. Haukuzama katikati. Ulizunguka polepole ukarudi nchi kavu, kwenye matete ya kusini, ukaishia hapo.

"Mama," Nabalayo akauliza, "mtu anayezama anarudi?"

Jumamosi asubuhi Wamaitha alikwenda huko kwa miguu, peke yake, kamera begani. Aliikuta mashua ndani ya matete, imegeuzwa, imefunikwa kwa majani yaliyokatwa kwa panga. Chini yake wavu umekunjwa vizuri, kama unavyokunja nguo ya kanisani. Shati la kuvulia na kaptura vimeanikwa kwenye kasia, vimekauka. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na kitu kilichovunjika. Mtu alikuwa amevua uvuvi wake akauacha hapo, akaenda zake.

Angeondoka wakati huo. Lakini wewe unajua mpiga picha. Aliweka miguu mitatu chini, akapiga picha ya nyasi zilizopanda mlima mdogo nyuma ya matete. Nyasi za kawaida, zimesimama wima, zina umande. Akatazama kioo.

Njia nyeusi ilitoka kwenye mashua ikapanda hadi barabarani. Hiyo aliitegemea. Lakini kulikuwa na njia ya pili, hafifu zaidi, iliyorudi kutoka barabarani hadi nusu ya mlima. Ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda, mtu amepita hapo zaidi ya mara moja. Na mwisho wake, kwenye nyasi nyeupe, palikuwa na doa jeusi, upana wa mtu aliyeketi.

Alipanda na kamera hadi kwenye doa lile. Kwa macho halikuwapo. Aliinama akagusa nyasi, nazo zilikuwa baridi tu kama nyasi nyingine. Akainua uso.

Kutoka hapo, kupitia mwanya wa miti, ulionekana uwanja wa nyumbani kwa Gordon. Turubai limetandazwa. Viti vimepangwa. Wanawake wanapika, na sauti za nyimbo za maombolezo zinafika wazi, jina lake ndani yake.

"Gordon?" akasema.

Matete yalitikisika kidogo. Upepo haukuwapo.

"Gordon, ni mimi Wamaitha. Wanazika saa sita."

Alisubiri. Hakuthubutu kuelekeza kamera kwenye matete yale. Aliteremka upesi, bila kukimbia, shingo imekakamaa kwa kukataa kugeuka.

Alifika nyumbani wazee wakiwa wamesimama kando ya kaburi. Oduor alikuwa amelipakata yago ndani ya sanda, kwa mikono miwili, kama unavyompakata mgonjwa. Alimwona Wamaitha na kamera yake.

"Mama Picha," akasema kwa upole, "leo tusipigwe picha, tafadhali. Tumpumzishe huyu."

Rosa alipenya katikati ya wanawake, akamshika Wamaitha mkono, akamvuta pembeni. Macho yalikuwa yamevimba. Vidole vyake vilikuwa na unga wa ugali wa matanga.

"Ulimwona?" akanong'ona. "Niambie haraka, wanateremsha. Yuko majini?"

Diski ilikuwa mfukoni mwake. Wamaitha alimtazama rafiki yake wa miaka kumi na minne. Akisema hapana, mazishi yatasimama, na Rosa atajua mbele ya ukoo mzima kwamba mumewe alikaa juu ya mlima akimsikiliza akilia, asishuke. Akisema ndiyo, Rosa atalala usiku huo, na mtu aliye hai atafukiwa, asipate tena mlango wa kurudia hata akitamani.

Nyuma yao Oduor alikuwa ameanza kupiga magoti.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama mkono ule ungekuwa umeshika wako, ungemjibu nini Rosa?