Matanga ya Mjerumani

Juzi, karibu na stesheni ya Gare du Nord, nilimwona kwenye televisheni ya mkahawa: yule Mjerumani mcheza mpira aliyependwa na papa, baba yangu, mvi kichwani, sasa kocha, akiwafokea wachezaji wake kando ya uwanja. Nikacheka peke yangu. Mtu niliyewahi kumkalia matanga!

Mchana ule wa matanga, nikiwa bado mtoto, nyumba yetu ya Saint-Gilles, huku ughaibuni, ilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo ambayo maman alituachia motoni, na mvua iligonga dirisha polepole. Kwenye televisheni, Mjerumani alikuwa anaaga uwanja. Walionyesha picha zake tangu ujanani, kwa muziki wa taratibu, na watu wengi wamesimama. Papa, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikuwa analia, simu bado mkononi.

Nikajua Mjerumani amekufa. Nikafanya kama mama zetu wa Bukavu: nikasukuma viti ukutani, nikatandika mkeka, nikakaa chini na kunyoosha miguu.

"Unafanya nini, mutoto yangu?"

"Papa, niko nakaa kwa kilio ya Mujerumani."

Nilidhani atanigombeza, lakini akavua viatu.

"Bon," akasema, "tukae basi."

Tulikaa mpaka sombe ikaungua.

Nilikuwa mtu mzima maman aliponieleza kuhusu simu ile. Ilitoka Bukavu. Mama yake papa alikuwa amefariki asubuhi, na papa hakuwa na karatasi za kusafiri kwenda kumzika. Matanga ya mama yake aliyakaa palepale, kwenye mkeka wangu, nami nikimlilia Mjerumani.