Tufaha la Rangi Mbili

Sijamsamehe mjomba wangu, na sitaki mtu aniombee nimsamehe.

Mama, mwenyeji wa Likasi, aliuza sokoni matufaha yaliyoletwa na malori kutoka kusini. Asubuhi moja nyumbani alifungua katoni, akatoa tufaha moja, akaniita. Upande mmoja lilikuwa jekundu, upande wa pili la manjano, na mpaka wake ulishuka kutoka kikonyo hadi kitako, umenyooka kama uliopigwa rula.

Baba alikuwa mwalimu wa biolojia. Tangu watu wa asili ya Kasai, kama yeye, waanze kufukuzwa kazini kwa amri ya wanasiasa, alishinda nyumbani amevaa shati lake la shule. Alipoliona tunda lile alichangamka.

"Si ugonjwa," aliniambia. "Ua lilipokuwa changa, chembe moja ilibadilika. Uzao wake ukajaza upande huu, wa zile nyingine ukajaza ule. Lakini ni tunda moja."

Akalipeleka mwenyewe sokoni, akaliweka mbele mezani watu wajionee.

Walijionea. Kufikia mchana vijana wenye fimbo walituzunguka, na mbele yao alisimama mjomba, kaka mkubwa wa mama.

"Hii pomu ni dawa ya kuloga ya bwana yako," akamwambia mama. "Iko na damu mbili, sawa na batoto yako."

"Yaya, ni pomu tu!" mama akamsihi kaka yake.

Baba akaanza kuwaeleza habari za ua na chembe. Watu wameshika fimbo, yeye anafundisha! Hata hilo linaniudhi mpaka leo. Mjomba akalitupa tufaha chini, akalisaga kwa kisigino, akapindua meza. Kisha akanigeukia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Na weye, uko wa nani? Wa kwetu ao wa kule?"

"Wa kwenu," nikasema. Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Wiki ileile baba alihamia stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai pamoja na wenzake waliofukuzwa. Mama alimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga kila siku. Mimi sikwenda, kwa haya. Treni ikamchukua. Barua moja ilifika, ikiuliza masomo yangu, kisha kimya.

Mwaka jana mjomba alikuja kwangu, mzee, anatembelea mkongojo.

"Mwanangu, ile ilikuwa siasa."

"Siasa haikunijua," nikamwambia. "Weye ulinibeba mgongoni nikiwa mtoto."

Akaomba maji. Nikampa, akanywa, nikamfungulia mlango atoke.