Darasa Lisilo na Mbele

Hasira zangu ziko karibu, sitaficha. Kwa hivyo siku ile mwalimu mkuu aliposimama mlangoni pa darasa langu la tatu akauliza, "Salaam aleikum, mbele ya darasa ni wapi?" nilimjibu kabla sijameza mate: "Hakuna mbele, mwalimu. Tumeiondoa."

Na kweli tulikuwa tumeiondoa. Wikendi nzima mimi na mlinzi wa shule tulivuta madawati yale mazito, tukayaunganisha mawili mawili ili watoto watazamane. Tukapaka ukuta rangi nyeusi kutoka sakafuni hadi kimo cha mtoto, kila kundi liwe na ubao wake. Nikanunua mkeka kwa akina mama wa mtaa wa Bulla Pesa nikautandika kando ya kabati. Halafu nikazitoa tableti za serikali, ambazo zililala stoo ndani ya maboksi yake tangu ziletwe. Sita tu ndizo zilizowaka, na watoto walikuwa karibu sitini. Jumatatu walipoingia wakaona vile, wasichana wakapiga vigelegele kama wako arusini, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Raha hiyo ilidumu hadi saa nne. Ala! Vita! Huyu anavuta tableti, yule analia, mwingine amepanda juu ya dawati. Mwalimu mkuu akanipa hadi Ijumaa: fujo ikiendelea, madawati yatarudi kwa mistari na tableti zitarudi stoo. Nikamwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akasema, "Hapa ng'ombe mwenyewe ndiye anapiga kelele."

Jumanne nikaandika ukutani orodha ya zamu kwa matokeo ya mtihani, kuanzia namba moja hadi mkia. Niliona ni haki. Nimelelewa upande wa Meru na mama aliyeamini kwamba anayejitahidi ndiye anayekula kwanza. Utulivu ukaja kweli, nikajisifu mpaka ofisini. Lakini wale wa kwanza walikaa na tableti hadi chaji ikaisha, na soketi tulikuwa nayo moja tu. Kufikia Jumatano jioni, wale wa mkia hawakuwa wamegusa hata kioo.

Wa mwisho kabisa alikuwa msichana aliyeletwa kutoka Sericho, kwa wafugaji, akae kwa shangazi yake. Alhamisi asubuhi nilimkuta amesimama nyuma ya wenzake, mikono mgongoni, anatazama tu. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini haketi. Akanijibu polepole, bila kuniangalia usoni: "Mwalimu, kwetu kisimani ndama na wale wamedhoofika ndio hunywa kwanza. Ng'ombe wa nguvu anaweza kungoja."

Nilishikwa na aibu hadi masikioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyeshiba hapo nilikuwa mimi. Nikaifuta orodha yangu ukutani kwa kiganja.

"Na huko kisimani nani anasimamia zamu?" nikamuuliza.

"Abba herega. Yeye ndiye anapanga nani anyweshe lini."

"Haya basi. Abba herega wetu ni wewe."

Tukakubaliana hivi: asiyejua somo la siku hiyo ndiye anaanza, na anayejua anakaa kando yake, anamwelekeza kwa mdomo, mikono asiguse. Weee! Watoto waliokuwa wakificha wasichokijua sasa walikitangaza. "Mimi sijui!" "Mimi ndio sijui kabisa!" Miaka yote ya kufundisha sijawahi kusikia maneno matamu hivyo. Kelele zilikuwepo, tena zilizidi, lakini hakuna aliyekuwa akipigana.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja na yule yule mlinzi, tayari kurudisha madawati. Nilikuwa nimekaa mkekani na watoto. Nikaanza kupanga matusi ya heshima. Kabla sijafungua mdomo, msichana wa Sericho alikuwa ameshafika kwake na tableti mkononi.

"Mwalimu mkuu, unajua kuiwasha?"

Yule mzee, aliyeanza kushika chaki kabla mimi sijazaliwa, akaiangalia tableti, akamwangalia mlinzi, akaniangalia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yale maboksi yalikaa stoo muda wote huo. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo niliomba Mungu mtoto yeyote asicheke, na hakuna aliyecheka.

"Sijui," akasema, sauti ndogo.

"Basi unaanza wewe," msichana akamwambia, akamsogezea nafasi.

Akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani. Wakamwelekeza kitufe bila kugusa. Mwanga ulipotokea akasema "Mashallah!" kwa sauti, hadi darasa la nne wakaja kuchungulia dirishani. Mlinzi alikuwa bado amesimama, mikono ya shati ameshaikunja.

"Mwalimu, tuanze na dawati gani?"

Mwalimu mkuu hakuinua kichwa. "Ngoja zamu yako," akamwambia.