Alama ya Chini ya Tano

Kazini walimwita Kidomo, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa mwandishi wa programu katika maabara ya kupima damu, na mkuu wa kitengo chake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Hawakupikika chungu kimoja. Shemeji alitangaza kila alipopata nafasi kwamba alimwajiri kwa huruma tu, na Kidomo hakumwacha aende bila jibu.

Majibu ya vipimo yalipelekwa hospitalini katika faili za XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu ili kompyuta iyasome. Shemeji alikuwa ametunga programu iliyoziunda kwa kuunganisha maandishi tu, kipande hapa, kipande pale, kama mtu anayeshona viraka. Kidomo alimwonya kwamba alama kama < na & zina kazi maalumu ndani ya XML; zikiingia kwenye majibu bila kubadilishwa, faili itaharibika. Shemeji alimkatiza mbele ya wenzao.

"Nyamaza. Ukitaka kusema, kamsemee dada yako."

Ilipoletwa mashine iliyoandika "<5", yaani chini ya tano, hospitali ikashindwa kuzisoma faili. Shemeji akaketi kuziba ufa. Akaiagiza programu ibadilishe alama hizo ziwe misimbo yake salama: kwanza < iwe &lt;, kisha & iwe &amp;. Kidomo, akichungulia nyuma yake, aliona kosa palepale: hiyo & iliyotokana na hatua ya kwanza ingebadilishwa tena na hatua ya pili. & ilipaswa kutangulia. Neno likamfika kooni. Akalimeza, na lilikuwa tamu.

Asubuhi daktari alipiga simu akifoka. Skrini yake ilionyesha "&lt;5", muuguzi akaisoma kuwa tano kamili, na mama mmoja akaanzishiwa dawa asizozihitaji.

Shemeji akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mkurugenzi hakutaka kusikia nani alianza. Mfumo akampa mtu mwingine, shemeji akapelekwa stoo ya vifaa, Kidomo akafukuzwa. Dada yake alimfuata hadi nyumbani kumwambia asikanyage kwake tena.

Aliyemkaa rohoni ni yule mama, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Alipiga simu wodini kumuulizia. Muuguzi alisema dawa zimesimamishwa na mgonjwa anaendelea vizuri, kisha akauliza anazungumza na nani. Kidomo akakata simu.