Rupia Mbili za Ufa Mmoja

Khiyana ndiyo nitakayoisimulia hapa. Si wizi wa mvunja mlango, bali khiyana ya ndugu aliaye msibani kwa sauti kuliko wote. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, nikiwa na akili timamu na tumbo lisiloonja pombe ya ulanzi. Atakaye kucheka na acheke sasa, maana mbele hapatamfaa.

Wakati wa Mwingereza, rupia za Mjerumani zilipokuwa zimekwisha kukoma sokoni, nilifundisha shule Makambako, na starehe yangu ilikuwa kuzichunguza rupia hizo kwa kioo cha kukuzia. Wengi hawajui kwamba muhuri wa chuma wa kupigia sarafu huchoka, ukapasuka, na ufa wake huacha juu ya fedha mstari mwembamba kama unywele. Mkwaruzo wa kisu huzama; ufa wa muhuri huinuka. Pitisha ukucha, utajua. Tena ufa hurefuka kadiri muhuri unavyozidi kupigwa, hivyo rupia mbili ambazo ufa wake umekomea mahali pamoja ni kama pacha wa tumbo moja.

Koo fulani za Njombe zilizitumia rupia pacha badala ya hati: ndugu wawili wakigawana ardhi, kila mmoja alishika moja. Ndivyo walivyofanya Zakaria wa Ramadhani na kaka yake, mtu ambaye sikupata kumwona. Kaka alipata kinyungu, ile bustani ya bondeni isiyokauka kiangazi. Alipofariki, Zakaria akakitwaa, ilhali marehemu alimwacha binti, Estina, mjane mwenye watoto wasio na chakula kingine ila cha bonde lile.

Estina alishtaki kwa jumbe. Akaeleza kwamba rupia ya baba yake ilizikwa naye, tena kwa ushauri wa Zakaria mwenyewe: "Mwanangu, mwache baba aende na chake." Zakaria akakana. Rupia yake, alisema, ni ya peke yake, haijapata kuwa na pacha. Jumbe akaniita nikaitazame.

Nilipanda lori la mbao. Liliharibika kabla ya kufika Njombe, nikashika njia kwa miguu. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeimeza barabara. Kando, majanini, alisimama mtu aliyejifunika blanketi jeupe hadi kichwani.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba."

"Nifungue vidole. Vimekaza."

Akaninyooshea ngumi ya kulia. Nani angemnyima msaada mzee aliyeshikwa na baridi ya Njombe? Nilivikunjua kimoja kimoja. Vilikuwa baridi kuliko jembe la alfajiri, vikialika kama kuni kavu, na kidole cha shahada hakikuwa na ukucha. Kiganjani palikuwa na rupia iliyogandamana na udongo mwekundu.

"Nani aliyekukaza hivi, baba?"

"Mdogo wangu. Alikaza kwa mikono miwili, huku analia. Mpelekee mwanangu."

Nikainamisha macho niitazame. Nilipoyainua, ukungu ulikuwa palepale, mtu hakuwapo. Niamini: majani ya pale aliposimama hayakuwa yamelala.

Kesho yake barazani nilimwomba Zakaria rupia yake. Akanitupia.

"Haya, mwalimu wa vyuma vikuukuu, ivalishe miwani!"

Wazee wakacheka. Nikaiweka mezani, na kando yake nikaweka ile niliyopewa. Ufa ulianzia ncha ya kofia ya mfalme, ukashuka hadi shingoni, ukakoma. Katika ya pili, ncha ileile, shingo ileile. Nikapitisha ukucha: katika zote mbili ufa uliinuka. Estina alifunika mdomo kwa kanga.

Zakaria akaruka kutoka kitini. "Mchawi! Umefukua kaburi la kaka yangu!"

"Kaburi, Zakaria?" jumbe akauliza polepole. "Si ulisema pacha hajapata kuwapo?"

Tulikwenda kaburini. Nyasi zilikuwa zimeshonana, mawe yako mahali pake. Hakuna aliyethubutu kutia jembe.

Je, haki ilishinda? Estina alirudishiwa kinyungu, lakini nani alinunua mboga zake? Walisema zimepaliliwa na maiti. Mwishowe aliwachukua wanawe akahamia Matembwe, na bonde likaota matete. Zakaria hakupoteza kiti chake cha mbele kanisani. Watu husamehe khiyana upesi. Wasichomsamehe mtu ni kuifichua. Mimi naitwa mchawi hadi leo, na vidole vilivyoikunjua ngumi ile vimekufa ganzi: nikipapasa rupia, sijui kilichoinuka na kilichozama.

Nawe usomaye, siku utakapomfumba maiti wako mkono, tazama unachokifungia humo. Usidhani udongo ni shahidi bubu, wala usidhani machozi yako yatamdanganya yeye kama yanavyotudanganya sisi.

Kabla ya kupanda lori la Matembwe, Estina aliniuliza sura ya mtu yule. Nikamwambia sikuiona, blanketi liliificha. Nilikiona tu kidole cha shahada kisicho na ukucha. Akalia sana; alikijua kidole hicho. Kisha akanitajia jina la baba yake, nami huliweka katika kila sala yangu: Yeremia.