Mpira wa Katikati

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa Makambako, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, televisheni yake ikionyesha mashindano ya kimataifa ya mchezo ambao hakuna mteja aliyelijua jina lake. Wanaume wanne, wawili kwa wawili, wamejifungia katika chumba cha vioo na raketi fupi, wanapiga mpira ukutani na kuungojea urudi. Kinyozi akauliza kama watu hao hawana kazi. Mara mpira ukaja katikati ya wenza wawili. Huyu akamtazama yule, yule akamtazama huyu, ukapita. Nilicheka mpaka mashine ikaniparuza sikio. Kinyozi akanuna, na alikuwa na haki. Ningemwelezaje, ndugu yangu, kwamba mchezo ule niliucheza utotoni, bila kioo hata kimoja?

Ukuta wetu ulikuwa wa mashine ya kusaga ya misheni, huko Njombe, upande usio na dirisha. Juni ikiingia na ile baridi ya kufanya vidole vikatae kushika kalamu, tulikimbilia pale kwa sababu ya joto la injini, na nguo zetu zote zikanuka pumba na dizeli. Raketi zilikuwa vibao vya paini tulivyoomba kwa seremala wa misheni. Mpira tuliusokota wenyewe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nao ulidunda kuelekea ulikotaka.

Mwenza wangu alikuwa baba mdogo. Usifikirie mtu mzima mwenye koti. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, kanizidi miezi minane, na tulikaa dawati moja. Lakini kwa bibi jambo hilo halikuwa na utani. "Huyo ni baba yako, hata akiwa na makamasi," alisema, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla ya kumdai penseli yangu. Sikuruhusiwa kumtaja jina wala kudaka kitu kinachokwenda kwake. Naye alifundishwa kwamba baba hamnyang'anyi mtoto. Basi sinia la viazi na maharage likikaribia kwisha, kiazi kimoja kilibaki kinapoa katikati yetu, mimi namwachia yeye, yeye ananiachia mimi, hadi bibi akakichukua na kukila. Nadhani mpango huo ulimpendeza.

Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, waumini wa Makambako walikuja na lori, na ndani yake ndugu wawili, watoto wa fundi baiskeli, waliokuwa moto wa kuotea mbali kwa vibao. Mwaka tulipokuwa darasa la tano, paroko alitoa mpira wa tenisi, mpya, una manyoya kama kifaranga. Jozi itakayofika pointi kumi kwanza ingeuchukua. Mpira wa kweli! Sijawahi kutamani kitu namna ile. Misa nzima nilikuwa nauwaza, Mungu anisamehe.

Tukaanza. Kaka mtu alimfokea mdogo wake atoke, mdogo naye akamfokea kaka, "Wangu huo!" na hakuna aliyeshtuka isipokuwa sisi. Sisi tulicheza kwa adabu. Wa kulia ulikuwa wangu, wa kushoto wake, na wa katikati haukuwa na mwenyewe. Wale jamaa hawakuchelewa kugundua, wakawa wanapeleka kulekule. Wakafika nane, sisi tatu. Nilimtazama paroko akiutupatupa mpira ule kiganjani na nikahisi machozi yananijia.

Bibi alikuwa ameketi juu ya gunia akingoja zamu yake ya kusaga. Akainuka, unga mpaka kwenye nyusi, akaja kusimama katikati ya uwanja.

"Kwani mnapeana kiazi?" akatuuliza. "Hapa ukutani hakuna baba wala mwana. Anayeutaka aseme. Anayemwachia mwenzie naye aseme. Msinyamaze tu."

Mpira uliofuata wa katikati nilipiga kelele, "Wangu!" mbele ya baba yangu, na moyo ulinidunda kuliko mpira. Hakuna radi iliyonipiga. Tukapata nne, tukapata sita, tukawafikia tisa kwa tisa. Wa mwisho nao ulikuja katikati. Yeye alikuwa karibu zaidi, kibao amekiinua, ila aliniona nimekaa vizuri. "Wako huo!" akapaza sauti, akajitupa chini kunipisha. Niliupiga chini kabisa ya ukuta, ukarudi unabingirika.

Jioni ile kiazi cha mwisho tulikigombania mpaka bibi akajuta.

Mpira wetu wa tenisi ulinyonyoka manyoya, ukapotelea kwenye shimo la pumba. Injini imeondolewa, ukuta umepigwa plasta na kupakwa rangi, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuuchafua. Bibi tulimzika miaka mitatu iliyopita. Baada ya matanga baba mdogo alirudi Iwawa kwenye shamba lake la viazi, mimi nikarudi Makambako. Hatukugombana. Mimi nilingoja anipigie simu kwa kuwa ndiye mkubwa, nisije nikamsumbua. Yeye sijui alingoja nini. Miaka mitatu, na kila siku nilimkumbuka.

Nilipotoka kwa kinyozi nilisimama barazani nikampigia simu. Shikamoo, marahaba. Kisha tukaanza kusema wote kwa pamoja, na wote tukanyamaza. Nilisikia kuku wake wakilia, na upepo wa Iwawa.

"Wako huo," akasema.

Nikaanza kumsimulia habari za kinyozi.